Msimpeleke Darasani Kesho Yake: Barua ya Wazi kwa Waratibu wa Vijana wa Kujitolea, Kilosa na Mikumi

Ndugu zangu waratibu,

Ninawaandikia ninyi mnaosimama pale uwanja wa ndege wa Julius Nyerere mmeshika karatasi yenye jina la mtu msiyemjua sura. Ninyi mnaompeleka stendi ya Magufuli kule Mbezi, mnampandisha basi, kisha mnapiga simu huku Mikumi: "Mama, mgeni wako ameshapita Msamvu, mtokee stendi." Wengine wenu niliwafundisha kusoma, na hadi leo tukikutana sokoni mnaniamkia na kunipokea kapu. Kwa hiyo nasema nanyi bila kuzungukazunguka. Kazi yenu ninaiheshimu. Ila mnawapeleka vijana hawa kazini kabla hawajafika vizuri, jambo linalowaumiza wao na kuwaumiza watoto wetu, na ninaomba mlibadilishe kabla ya msimu wa Juni.

Tuanze na huyu anayeshuka kwenye basi. Mara nyingi ni binti wa miaka 18 au 19, kamaliza sekondari kwao Ujerumani, Denmark, Uingereza au Marekani, na hajawahi kuvuka mpaka wa nchi yake bila mzazi au mwalimu. Mabasi ya Iringa, Mbeya na Songea hayakai Mikumi. Konda anashusha mabegi mbiombio, gari linaondoka, na mtoto wa watu anabaki kando ya barabara kuu huku malori ya Tunduma yakimpita karibu. Akifika nyumbani kwangu hasemi mengi. Anakula kidogo kwa adabu, anauliza kama maji ya kunywa yamechemshwa, anauliza tena. Usiku hapati usingizi kwa sababu malori yanapunguza mwendo kwa kishindo yanapoingia mjini, na asubuhi ataniuliza kama ni kweli tembo hufika hadi kwenye nyumba. Namjibu kweli: hifadhi iko hapo, haina ukuta, na tembo huingia mashambani, ndiyo sababu hapa hatutembei ovyo giza likishaingia. Wengi hulia usiku ule ndani ya chandarua. Nimelea, nakijua kilio cha mtoto anayejizuia asisikike. Mimi ndiye ninayekisikia. Ninyi mnakuwa mmekwisha kurudi mjini.

Asubuhi yake ratiba yenu inasema: saa moja na nusu, shuleni.

Niliwahi kumsindikiza mmoja. Mwalimu mkuu alimpokea vizuri, akamtambulisha mstarini, watoto wakapiga makofi. Akapelekwa darasa la tatu, akakabidhiwa chaki. Mwalimu wa darasa, ambaye alikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha, alitoka akakaa chini ya mwembe, na simlaumu, maana alikuwa ameambiwa kaletewa msaada. Binti akaanza kuzungumza Kiingereza. Shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na watoto wale, wamebanana kwenye madawati, waliitikia kwa pamoja kila alichosema, swali likiwa swali, amri ikiwa amri. Aliandika ubaoni. Walinakili. Alipouliza kama wameelewa, waliitikia kwa sauti kubwa kuliko mwanzo. Nilikuwa mlangoni nikaona uso wake ukibadilika pale alipogundua kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa naye. Alimaliza kipindi kwa kuwaimbisha. Siku iliyofuata akawaimbisha tena. Aliporudi kwao watoto walikuwa wamejua nyimbo, na mada mbili za hesabu zilikuwa zimerukwa, na mwalimu yule akalazimika kuzifundisha jioni bila malipo.

Sasa sikilizeni habari ya mwingine. Huyu alikuwa kijana wa kiume, mpole, anayeona haya. Kwa bahati siku aliyofika mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa mwanamke asiyemwachia mtu darasa lake. Akamwambia, "Kaa hapa," akamwonyesha dawati la nyuma. Kijana akakaa. Watoto walipokuwa wakisoma ba, be, bi, bo, bu, naye alisoma pamoja nao, na walimcheka akikosea, na alipopatia walimpigia makofi. Mchana mwalimu alimpa kisu na maboksi ya dukani, wakakata kadi za silabi. Wakakusanya vizibo vya soda kutoka kwenye vibanda vya stendi, wakavifunga kumikumi ndani ya vifuko kwa ajili ya kuhesabia. Hakusimama mbele ya darasa hata mara moja kwa muda mrefu. Aliposimama, aliweza kuwaambia watoto "fungueni madaftari, andikeni tarehe", na wakafanya hivyo. Kadi zile bado zinatumika. Huyo ndiye aliyesaidia, na alisaidia kwa sababu kuna mtu aliyemkalisha chini kwanza.

Msiniambie kwamba muda hautoshi, kwamba mgeni amelipia majuma machache na anataka kuona kazi. Waliotangulia walijua kwamba kujitolea nchi za watu kuna maandalizi yake. Mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Wamarekani wa kwanza wa Peace Corps waliingia Tanganyika. Walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, watu wa fani ambazo nchi ilizihitaji ili ijenge barabara, na walinolewa kwanza Texas kabla ya kupanda ndege. Hadi miaka hii, kijana wa Peace Corps anayekuja Tanzania hukaa karibu miezi mitatu na familia, akijifunza Kiswahili na namna ya kuishi, ndipo apelekwe kituoni kwa miaka miwili. Na hapo Mazimbu, Morogoro, ANC ya Afrika Kusini ilipofungua Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu mwaka 1978, walikuja walimu wa mataifa mengi kuwafundisha vijana waliokimbia ubaguzi. Walikuja kwa moyo, na walikuja wakiwa walimu. Kipi kimetufanya tuamini kwamba mtoto aliyemaliza shule Juni anaweza kufundisha shule Julai?

Nina kipimo kingine kilicho karibu zaidi na moyo wangu. Binti wa marehemu dada yangu, mzaliwa wa Kilosa mjini, alikwenda Ujerumani kujitolea kwa mwaka mmoja kupitia mpango wa weltwärts, ambao ulianza kwa kuleta Wajerumani huku na tangu 2013 unawapokea pia vijana wa kutoka nchi kama yetu. Alikuwa hajawahi kupanda ndege. Alikuwa hajawahi hata kulala Dar es Salaam bila ndugu. Tulimpeleka uwanja wa ndege ukoo mzima, na shangazi zake walikuwa wameshamshonea nguo ambazo hazikufaa kabisa kwa baridi ya huko.

Kule alipokelewa stesheni na mtu aliyeshika karatasi yenye jina lake. Wakampeleka ofisi ya manispaa kumwandikisha kama mkazi. Wakamkatia bima ya afya. Wakampa fedha kidogo ya matumizi kila mwezi, na darasa la lugha, na mtu mmoja wa kumpigia simu akikwama, mtu asiye bosi wake. Sheria yao ya utumishi wa kujitolea inataka kijana wa chini ya miaka 27 anayetumikia mwaka mzima apate siku 25 za semina. Alipelekwa shule ya chekechea. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwavalisha watoto makoti na viatu vya mvua, kukata matufaha, kufuta meza. Mwalimu mwenye cheti alikuwa pembeni yake muda wote. Hakuachwa peke yake na watoto wale. Alinipigia simu kwa hasira: "Mama mdogo, nimesoma hadi kidato cha sita, hapa nafunga zipu tu!" Nikamwambia afunge zipu vizuri. Miezi ikaenda, lugha ikamkaa mdomoni, wakamjua, akawajua, na siku moja walimwomba akae katikati ya duara awasimulie hadithi. Akawasimulia sungura na fisi kwa Kijerumani, na watoto wakamwomba arudie kesho yake.

Naomba mlitafakari hili kama wazazi. Binti wetu wa Kilosa hakuachiwa kundi la watoto wa Kijerumani. Binti wa Kijerumani tunamwachia darasa zima la watoto wa Kilosa kesho yake tu baada ya kushuka kwenye basi. Watoto wetu wanastahili uangalifu uleule, na binti yule anastahili mapokezi yaleyale.

Kuna jambo nalisema kwa uchungu, nalo ni la Uhamiaji. Mgeni mmoja alinionyesha ujumbe kwenye simu yake. Alikuwa ameelekezwa kwamba akifika dirishani aseme amekuja kutembea na kuona wanyama, asitaje shule. Akasema hivyo. Baadaye maofisa walipopita shuleni kwa kazi zao za kawaida, alivutwa mkono akafungiwa stoo ya vitabu hadi gari lao lilipoondoka. Alitoka mle akitetemeka. Alijiona mhalifu, wakati alikuja kufanya wema, na aliyemfundisha uongo huo hakuwa hata Mikumi siku ile. Viza ya utalii hairuhusu kazi, hata kazi isiyo na mshahara. Anayekuja kujitolea anahitaji kibali cha ukaazi, Daraja C, na ninyi mnalijua hilo kuliko mimi. Kama ada ya kibali inafanya safari iwe ghali, mwambieni mapema akiwa bado kwao, aamue. Msimtwishe kosa la kisheria mtoto ambaye hajui hata kituo cha polisi kiko upande gani wa barabara.

Na kwa nini hamumpitishi kwa mtendaji? Mgeni akiingia kijijini, hata akiwa shemeji yangu wa Dodoma, mwenyekiti wa kitongoji anajua. Huyu wenu anakaa mwezi mzima na ofisi ya kijiji inamwona tu akipita na bodaboda. Siku akiugua malaria usiku, siku akiibiwa simu, siku kijana wa mtaani akianza kumfuatafuata, nitagonga mlango wa mtu ambaye hajui kama mgeni huyo yupo. Mpelekeni siku ya pili. Aandike jina lake kwenye daftari la wageni, asalimie wazee, aonyeshwe hospitali ya Mtakatifu Kizito iko wapi, aambiwe bodaboda gani tunawaamini. Kwa wasichana hili la bodaboda ni zito sana, na wenye kulijua ni akina mama wa mtaa. Waulizeni.

La fedha nitalipitia haraka, maana nisingependa lichukue nafasi ya mengine. Wageni hunitajia kiasi walicholipa. Mimi najua kinachofika kwangu kwa chakula na maji na umeme. Mniwekee wazi kilicho katikati, mimi na yeye pia. Nikiuliza nisiambiwe "hilo ni la ofisi".

Lakini lipo la fedha ambalo siwezi kulipita. Katika shule ileile, wakati binti yule akiimbisha darasa la tatu, alikuwepo kijana wetu aliyehitimu chuo cha ualimu, anasubiri ajira, anajitolea. Anafundisha vipindi vingi kuliko walioajiriwa. Posho yake inatokana na michango ya wazazi, na wazazi wakivuna vibaya hapati kitu. Hakuna aliyempiga picha. Hakuna aliyemwandalia makofi mstarini. Mnapompanga mgeni, mpangeni pembeni ya huyu. Sehemu ya ada ya mgeni iwe posho ya huyu kwa kipindi chote watakachokuwa pamoja, na iandikwe kwenye mkataba na shule. Mgeni atapata mtu wa rika lake wa kumfundisha kazi na lugha, na mwalimu wetu atapata nauli na sabuni. Nimeona wawili wakiandaa somo pamoja kwenye meza yangu ya chakula, mmoja akiuliza "mtoto wa hapa anajua theluji?" na mwingine akicheka na kumwambia aandike mvua ya mawe. Somo lilitoka zuri.

Nalisisitiza hili kwa sababu kujitolea hatukuletewa na ndege. Serikali ilipotangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mama yangu alijifunza kusoma kwa jirani aliyefundisha kisomo jioni baada ya kutoka shambani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakalisha watu vijiji kwa vijiji kusikiliza redio pamoja, kisha wakatoka kuchimba vyoo. Mto Mkondoa ulipoingia Kilosa mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, reli ikakatika na maelfu wakakosa makazi, watu wa mwanzo kubeba wazee mgongoni walikuwa majirani zao, na vijana wa Msalaba Mwekundu walikuwa kambini wakigawa mablanketi. Mgeni akielezwa haya siku zake za kwanza, atajua amekuja kuungana na watu walioko kazini. Nimegundua kwamba kulijua hilo kunamtua mzigo. Wengi huja wakidhani wametumwa kutuokoa, na mzigo huo ni mzito kwa mtu wa miaka 18.

Makao ya watoto yatoeni kabisa kwenye orodha zenu za majuma mawili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao hayo yawe na leseni na yasimamiwe na ustawi wa jamii, na mtoto aliyekwisha kufiwa hahitaji rafiki mpya kila mwezi anayembeba, kumpiga picha na kuondoka. Mtoto wa namna hiyo nimewahi kuwa naye darasani. Alikuwa akimkumbatia kila mgeni aliyeingia mlangoni, hata afisa elimu, na kila jioni akiuliza huyu naye anaondoka lini. Picha nazo: mzazi aulizwe kwanza, na kama mzazi hayupo, picha isipigwe.

Wapangeni kwa wanachokijua. Mikumi kuna chuo cha VETA. Kijana aliyesomea useremala au umeme kwao atapata wenzake pale. Aliyesoma kilimo apelekwe upande wa Kilosa, Ilonga kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI, na njia ya kutoka huku kupitia kata ya Ulaya imejaa wakulima watakaomfundisha mengi zaidi ya atakayowafundisha. Muuguzi au daktari asiguse mgonjwa kabla hajasajiliwa na baraza lake hapa nchini, na mwanafunzi wa sekondari mwenye ndoto ya udaktari asivalishwe koti jeupe, hata kwa picha. Asiye na fani yoyote bado anafaa. Kuna vitabu vya maktaba vya kuweka majalada, kuna timu ya mpira wa pete haina kocha, kuna bustani ya shule. Hizo ni kazi.

Halafu kalenda. Wageni wenu wengi huja Juni hadi Agosti kwa sababu ndipo kwao kuna likizo ndefu. Shule zetu nazo hufungwa Juni. Nimewahi kumpokea kijana aliyetoka mbali namna ile, akakuta madarasa yamefungwa kwa kufuli, akazunguka Mikumi na begi lake mpaka akaamua kwenda hifadhini kila siku fedha zikamwishia. Hifadhi ni nzuri, ipo tangu 1964 na itaendelea kuwepo. Akaione, tena akaione na watoto wa shule yake, ambao wengi huiona kwa dirisha la basi tu. Wa Juni wapewe hayo majuma ya likizo kwa Kiswahili na maisha ya nyumbani: kuteka maji, kuchambua mchele, kusalimia, kwenda mnadani, kukaa msibani bila kujua la kusema. Shule ikifunguliwa Julai, ataingia darasani watoto wakimfahamu kwa jina, akae dawati la nyuma, mwalimu akiwa mbele. Mimi na walimu wenzangu wastaafu tuko tayari kufundisha Kiswahili kila asubuhi. Tumeshakubaliana watatu, mmoja yuko Kilosa mjini karibu na stesheni, kwa hiyo hata wanaoshukia kwa treni wana mtu.

Kwa msimu huu, kabla hamjanitumia mgeni, naomba nipate kwa maandishi mambo haya: kibali chake kimefikia wapi, shule au kituo kipi kimemwomba na kwa kazi gani, jina la mwalimu au fundi wa hapa atakayekaa pembeni yake, posho ya huyo ni kiasi gani, na simu ya mzazi wa mgeni, maana nataka kuzungumza naye mwenyewe hata kwa Kiingereza changu cha darasani. Nikikosa hayo chumba changu nitakifunga, na familia nyingine nne za mtaa huu zimesema zitafunga vyao. Kikao cha wazazi na kamati ya shule ni mwezi Mei. Njooni, au leteni majibu yenu, nitayasoma mbele yao.

Mama mwenyeji na mwalimu mstaafu,
Mikumi